Kulala kwenye kempavani katika mji mkongwe: hatua kwa hatua

Mji mkongwe huingiwa kwa miguu. Kempavani, yaani gari la kulala, hubaki nje ya kuta, mwendo wa dakika 10 hadi 15 kutoka langoni. Ukikubali jambo hilo mapema, mengi ya matatizo yanayoelezwa hapa chini hayatakukuta: faini za kamera, kona zisizopindika, matao yanayokwangua paa, na wachuuzi wanaokugongea alfajiri kwa sababu umelala juu ya nafasi ya meza yao. Mwongozo huu unahusu miji ya kale ya Ulaya, maana huko ndiko kempavani zimejaa, na ndiko sheria hubadilika kila uvukapo mpaka.

1. Pima gari lako mwenyewe

Usitegemee kadi ya usajili. Kadi inataja gari lilivyotoka kiwandani, si lilivyo sasa. Fiat Ducato, ambayo ni msingi wa kempavani nyingi, huwa na urefu wa mita 5.41, 5.99 au 6.36, upana wa mita 2.05 bila vioo vya pembeni, na ile ya paa la kati ina kimo cha takriban mita 2.52. Weka feni ya paani, paneli ya jua na antena, na kimo hupanda kwa sentimita 10 au zaidi. Volkswagen California ya kizazi cha T6.1 ina urefu wa mita 4.90 na kimo cha mita 1.99. Hiyo ndiyo inayoweza kupita chini ya boriti ya kuzuia magari marefu iliyo kimo cha mita 2, tena kwa sentimita moja tu, na si kama umefunga kitu chochote juu ya paa.

Egesha mahali tambarare, weka ubao ulionyooka juu ya kitu kirefu kuliko vyote paani, kisha pima kutoka ubaoni hadi chini. Ongeza sentimita 5 za tahadhari, kwa sababu gari tupu huinuka kwenye springi na barabara ikibonyea chini ya boriti nyuma ya gari hunyanyuka. Andika kimo, upana wa vioo vikiwa wazi na uzito unaoruhusiwa kwenye kikaratasi, ukibandike mbele ya dereva. Unaelekea Uingereza? Andika pia kwa futi na inchi: mita 2.65 ni takriban futi 8 na inchi 9 ukikadiria kwa juu, na huko vibao vya kimo huonyesha futi.

Nafasi ya kuegesha ya kawaida ina takriban mita 5 kwa 2.5, na Uingereza mara nyingi ni 4.8 kwa 2.4. Gari la mita 5.99 basi litatokeza karibu mita nzima. Suluhisho ni kutafuta nafasi inayopakana na ukanda wa majani au ukingo usiopitwa na watu, uingie kinyumenyume, magurudumu ya nyuma yafike ukingoni, mkia uelee juu ya majani. Mkia ukielea juu ya njia ya waenda kwa miguu, hilo ni kosa. Ukitokeza kwenye njia ya magari, ni kosa kubwa zaidi. Wakati wa kutoka, kumbuka kwamba mkia mrefu hufagia upande ule usiokata kona. Nyooka kwanza hadi nyuma iwe imepita gari la jirani, ndipo ukunje usukani.

Uzito nao una mambo yake. Kempavani nyingi zimesajiliwa kwa kilo 3,500, kikomo cha leseni ya daraja B ya Ulaya, ile ya kawaida ya magari madogo. Katika miji ya kale vibao vya kikomo cha uzito si mapambo: baadhi ya barabara zimepita juu ya maghala ya zamani yenye dari za matofali, na madaraja yake hayakujengewa malori. Ujerumani kuna mtego mmoja wanaousahau wengi. Kibao kinachoruhusu kuegesha juu ya njia ya waenda kwa miguu kinawahusu tu wenye magari ya uzito unaoruhusiwa usiozidi tani 2.8. Wewe mwenye tani 3.5 hukualikwa, hata kama magari madogo yamejipanga yote pale.

2. Jua tofauti ya kuegesha na kupiga kambi

Hapa ndipo faini nyingi huzaliwa. Nchi nyingi hukuruhusu kuegesha kempavani popote gari jingine la ukubwa ule linaporuhusiwa, lakini hukataza kupiga kambi barabarani. Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni kile kinachoonekana kwa nje.

Maelezo yaliyo wazi kuliko yote yamo katika kifungu cha 185 cha sheria ya barabara ya Italia. Gari halijapiga kambi ikiwa limegusa ardhi kwa magurudumu yake tu, halitoi kimiminika chochote wala moshi zaidi ya ule wa injini, na halichukui nafasi kubwa kuliko umbo lake. Masharti matatu, na kila moja lina kazi yake. Ukishusha miguu ya kusimamisha gari, umevunja la kwanza. Bomba la maji machafu likidondosha tone moja moja, umevunja la pili. Ukikunjua turubai, ukiweka kiti, au ukifungua dirisha linalosukumwa nje, umevunja la tatu.

Uhispania nako mamlaka ya barabara hushika mantiki hiyohiyo, ila manispaa zina kanuni zao, na polisi wa mji hutazama sana madirisha yale ya kusukuma nje. Ujerumani, mahali ambapo kuegesha kunaruhusiwa, unaweza kulala usiku mmoja ili urudishe uwezo wa kuendesha salama. Usiku wa pili palepale ni vigumu kuutetea. Ufaransa inatofautisha pia: kupiga kambi kumekatazwa karibu na majengo ya kihistoria yaliyolindwa, na kwa kawaida mpaka huo ni mita 500 kuzunguka jengo. Mji wa kale uliojaa majengo ya namna hiyo basi umefunikwa wote. Kuegesha tu, kwa kufuata sheria ya barabara, ni jambo jingine, lakini meya anaweza kuweka vikwazo vyake kwa vibao, na gari lisilosogea kwa zaidi ya siku 7 mfululizo linaweza kuvutwa. Kroatia usijaribu: huko kulala garini nje ya kambi rasmi kumekatazwa, na ukaguzi ni wa kweli, hasa pwani wakati wa kiangazi. Uingereza hakuna sheria moja ya nchi nzima juu ya kulala ndani ya gari lililoegeshwa. Kila halmashauri ina amri zake, na masharti yamo kwenye ubao wa maegesho, mara nyingi mstari wa tatu kutoka chini kwa herufi ndogo.

Vipi kuhusu vipande vya plastiki vya kusawazisha gari, vile vya kupandisha gurudumu? Mwingine anaviona kama sehemu ya gurudumu, mwingine anaviona kama kambi. Barabarani viache kabatini. Vina kazi kwenye vituo rasmi.

3. Gawa mji katika pete tatu

Fungua ramani ya mji, uone kuta zilipo au zilipokuwa. Miji mingi ilibomoa kuta zake na kujenga barabara ya mzunguko palepale, kwa hiyo barabara pana inayokizunguka kitovu ndiyo mpaka wako.

Pete ya ndani ni mji wenyewe. Huko usilale. Hata penye nafasi halali, nafasi hizo huwa za wenyeji wenye vibali, na mwenyeji anayerudi saa 2 usiku akakuta gari la mita 6 mlangoni pake ana sababu ya kupiga simu.

Pete ya pili ni ukanda wa takriban mita 300 hadi kilomita 1.2 nje ya mpaka huo. Hapa ndipo pa kutafuta. Tazama karibu na kiwanja cha michezo, bwawa la kuogelea la manispaa, makaburi, kituo cha treni, uwanja wa maonyesho, bandari ya mto. Sehemu hizi zina maegesho makubwa yanayojaa mchana na kubaki wazi usiku. Makaburi ni mazuri kuliko yanavyosikika: pana utulivu, mara nyingi pana bomba la maji, na hakuna baa. Lakini siku za ibada za marehemu, hasa mwanzoni mwa Novemba katika nchi zenye Wakatoliki wengi, usithubutu. Uwanja wa michezo nao uangaliwe ratiba yake. Siku ya mechi maegesho hufungwa tangu asubuhi na magari yaliyobaki huvutwa.

Pete ya tatu ni vituo rasmi vya magari ya kulala na maegesho ya pembezoni yenye basi la kuingia mjini. Ufaransa vituo hivyo huitwa aire, Ujerumani ni Stellplatz, Italia ni area di sosta. Vingi vina mahali pa kumwaga maji machafu, kusafisha kaseti ya choo na kujaza maji safi. Ikiwa unalala zaidi ya usiku mmoja, anzia pete hii wala usipoteze muda na ya pili.

4. Kagua mahali kwenye ramani kabla ya kufika

Chagua sehemu tatu, usichague moja. Ya kwanza huwa imejaa, ya pili ina boriti iliyowekwa mwezi uliopita. Programu kama park4night husaidia, ila soma tarehe ya maoni kabla ya kusoma maoni yenyewe. Sifa za miaka minne iliyopita hazikuhusu. Maoni ya hivi karibuni yanayotaja polisi, vijana wenye pikipiki au vioo kuvunjwa yana uzito zaidi ya nyota zote.

Kisha tazama picha za setilaiti na za barabarani. Tafuta boriti mlangoni, mara nyingi ya mita 1.9 hadi 2.1. Tafuta alama za rangi zenye namba zilizochorwa chini kwenye uwanja, na visanduku vya umeme vyenye vifuniko vya chuma vilivyopangwa kwa safu. Hizo ni dalili za soko, hata kama picha ilipigwa siku tupu. Soko likiwa kesho, wachuuzi wataanza kufika kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri. Tazama pia mto: maegesho mengi mazuri chini ya ngome yako kwenye kingo zinazofurika, na ukiona mchoro wa gari ndani ya mawimbi kwenye kibao, angalia utabiri wa mvua za nchi ya juu, si za mji ule tu.

Mteremko huonekana kwa kusoma kontua, au kwa kutazama ngazi zilivyojengwa kando ya barabara. Kwa mwili wa mtu alalaye, nyuzi moja ya mwinamo kwenye kitanda cha mita 2 ni tofauti ya sentimita 3.5 kati ya kichwa na miguu. Hiyo inavumilika kichwa kikiwa juu. Mwinamo wa ubavuni ni mbaya zaidi, unakufanya uviringike usiku kucha, na friji ya gesi huanza kufanya kazi vibaya gari likiinama kupita nyuzi 3 hivi.

Jambo la mwisho la ramani ni njia yenyewe. Dira ya simu hukupeleka kwa njia fupi, na njia fupi katika mji wa kale hupita katikati yake. Weka alama kwenye barabara ya mzunguko, iwe kituo cha kati, ili ulazimike kuzunguka. Kama programu yako inaruhusu vipimo vya lori, ingiza kimo na upana wako.

5. Kamera, nguzo na vibandiko

Italia ina maeneo ya ZTL, yaani sehemu za mji ambamo magari yenye kibali tu huingia kwa saa fulani. Kibao ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na juu yake kuna kamera inayosoma namba. Chini yake mara nyingi pana maandishi ya taa. Usichanganyikiwe: *varco attivo* maana yake kizuizi kinafanya kazi, usiingie. *Varco non attivo* maana yake kamera zimelala, unaweza kupita. Wageni wengi husoma *varco attivo* kama "lango liko wazi" na kuingia moja kwa moja. Kamera hurekodi kila kuingia.  Ukijikuta umekaribia kibao hicho na hakuna pa kugeuzia, washa taa za tahadhari, simama kabla ya mstari na urudi nyuma kwa msaada wa mwenzako aliye nje. Kelele za wenye haraka huisha upesi kuliko faini.

Nguzo zinazozama ardhini ni hatari ya namna nyingine. Zimewekwa kupitisha gari moja baada ya jingine, na hupanda tena mara tu gari lenye kibali likishapita. Kulifuata basi au teksi kwa karibu ni kuomba nguzo ikuingie tumboni mwa injini. Kuna pia miji ambayo nguzo hushushwa asubuhi mapema kwa ajili ya magari ya mizigo, kisha hupanda saa 4 au saa 5. Uliyeingia alfajiri unaweza kufungiwa ndani hadi jioni.

Vibandiko vya moshi hushughulikiwa kabla ya safari. Ujerumani miji mingi yenye eneo la hewa safi hudai kibandiko cha kijani kwenye kioo cha mbele. Ukishakipata hutumika nchi nzima. Ufaransa ina Crit'Air, yenye namba kulingana na injini na umri wa gari. Vyote huagizwa mapema, kwa sababu vya posta huchukua siku hata wiki.

Soma maneno madogo chini ya vibao. Ufaransa *sauf riverains* ni ruhusa ya wakazi tu. Ujerumani picha ya gari dogo chini ya kibao cha P inamaanisha nafasi ni za magari madogo pekee, kempavani hapana. Neno *werktags* linahesabu na Jumamosi. Italia nyundo mbili zilizopishana ni siku za kazi, msalaba ni Jumapili na sikukuu. Mistari ya buluu ni ya kulipia, myeupe ni ya bure, ya njano imehifadhiwa. Unapotumia saa ya karatasi ya kuegesha, ile inayowekwa nyuma ya kioo kuonyesha ulifika lini, nchini Ujerumani, mshale huwekwa kwenye nusu saa inayofuata baada ya kufika. Ukifika saa 8:10 mchana, weka 8:30. Ukiweka saa kamili uliyofika umejinyima dakika 20 na bado umekosea kanuni.

6. Kufika na kuegesha

Kuna nyakati mbili nzuri. Ya kwanza ni kati ya saa 12 na saa 1 jioni, wafanyakazi wa ofisi wakiwa wameshaondoka na wanaokuja kula mjini hawajafika. Ya pili ni baada ya saa 4 usiku, ila hapo unasoma vibao gizani. Ukifika mapema, pika na kula kwingine, barabarani au kwenye maegesho ya nje ya mji, kisha uje kulala tu. Gari lililoingia likazima taa halimsumbui mtu. Gari lililotoa harufu ya vitunguu saa tatu mfululizo linajitangaza.

Tembea kwanza. Acha gari likiwa na mtu ndani, zunguka maegesho yote kwa miguu, soma kila kibao mwanzoni na mwishoni mwa barabara, pamoja na vile vya muda vilivyosimamishwa kwa miguu ya plastiki au karatasi zilizofungwa kwenye miti. Hivyo ndivyo hutangaza soko, kufagia barabara, kurekodi filamu au harusi. Piga picha ya kibao na ya gari lako likiwa na kibao nyuma yake.

Kisha chagua nafasi kwa vigezo hivi, kwa mpangilio huu: njia ya kutokea ambayo haiwezi kuzibwa na gari jingine, umbali kutoka madirisha ya nyumba za chini, mwanga wa kiasi, si taa ya moja kwa moja juu ya paa, ardhi tambarare. Epuka kukaa chini ya mlinde (mti wa linden) wakati wa kiangazi. Wadudu wake hudondosha utomvu unaonata, na asubuhi paneli ya jua itakuwa kama imepakwa asali. Epuka mapipa ya taka, kwani lori la taka huja kabla jua halijachomoza. Epuka mnara wa kanisa, maana saa nyingine hugonga kila robo, usiku kucha.

Ingia kinyumenyume, pua ya gari ielekee barabarani. Vuta breki ya mkono, tia gia. Hakikisha hakuna kitu kati ya kitanda na kiti cha dereva: likitokea lolote usiku, uwashe injini na kuondoka bila kufungua mlango.

7. Usiku wenyewe

Umeme kwanza, kwa sababu mjini hutapata pa kuchomeka, na kuta ndefu hukata jua. Piga hesabu ya kuanzia jioni hadi asubuhi. Friji ya kompresa hutumia takriban Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji ya betri) 15 hadi 18 kwa saa 12 kwenye volti 12. Hita ya dizeli huvuta sana dakika chache za kuwaka, kisha hutulia, jumla Ah 10 hadi 15. Taa za LED Ah 3, simu na kompyuta ndogo Ah 5 hadi 8, pampu ya maji isiyofika Ah 1. Jumla ni karibu Ah 40. Betri ya AGM, aina ya betri ya risasi, ya Ah 100 haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una Ah 50 za kutumia, na usiku mmoja umeshakula nyingi kati yake. Usiku wa pili bila kuendesha ni kamari. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo hukupa Ah 80 hadi 90. Jenereta usiiwaze, na injini usiiache ikinguruma ili kuchaji.

Hewa ni ya pili. Watu wawili waliolala hutoa unyevu unaoweza kufika lita moja kwa usiku, na kiasi kikubwa cha hiyo hugeuka maji kwenye vioo na nyuma ya godoro. Fungua kidogo kifuniko cha paani, sentimita 2 au 3, badala ya madirisha ya pembeni. Hewa ya chini itaingia kwa matundu ya sakafuni, ambayo yamewekwa pia kutoa gesi iliyovuja. Usiyazibe kwa soksi kwa sababu ya baridi.

Mapazia yawe ya ndani. Yale ya rangi ya fedha yanayofungwa nje ya kioo cha mbele huhifadhi joto vizuri zaidi, lakini huwaambia wapita njia kwamba kuna mtu amelala, na hukuzuia kuondoka kwa haraka. Paa la kunyanyuka liache chini. Kulinyanyua katikati ya mji ni sawa na kupiga hema.

Hita na jiko vina sheria moja isiyo na mjadala: king'ora cha kaboni monoksidi kiwepo, kijaribiwe kwa kitufe kabla ya kulala. Moshi wa hita hutoka chini ya gari. Ukiwa umebana ukuta au kuna theluji imejaa ubavuni, moshi huo hauna pa kwenda na unaweza kurudi ndani. Kaa na upande wa bomba ukielekea wazi, tena mbali na dirisha la chumba cha chini cha jirani. Valvu ya gesi ifungwe gari likienda, na gesi isipelekwe kwenye maegesho ya chini ya ardhi yanayoikataza, hata kama kimo kinaruhusu.

Maji machafu hayamwagwi barabarani, hata yale ya kuoshea mikono. Mifereji mingi ya barabarani hupeleka maji moja kwa moja mtoni bila kusafishwa, na katika barabara ya mawe mkondo wa sabuni huonekana hadi kona ya pili. Kabla ya kuegesha, inama uangalie valvu ya tangi. Kama inadondosha, kipira chake kimechoka au kina mchanga. Kwa usiku huo finyanga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa bomba na uufunge kwa bendi, kisha ukirekebishe kesho. Kaseti ya choo ya lita 17 hadi 20 huwatosha watu wawili siku 2 au 3, kwa hiyo ingia mjini ikiwa tupu.

Usiache kitu chochote kinachoonekana mbele: simu, mkoba, hata waya wa chaja. Maegesho ya watalii yanajulikana na wavunja vioo, na kazi yao huifanya zaidi mchana, wewe ukiwa kwenye ngome unapiga picha. Usiku, kama gari lina king'ora kinachohisi mwendo wa ndani, kizime kabla ya kugeuka kitandani.

8. Wakikugongea

Washa taa ya ndani kwanza, fungua pazia la dereva, shusha kioo kidogo. Mtu wa sare akikuambia uondoke, ondoka. Mjadala wa kifungu cha sheria saa 7 usiku huzaa faini ambayo haikuwepo. Tatizo huja pale wote wawili mmekunywa: huwezi kuendesha, na kubaki hapo huruhusiwi. Ndiyo maana mmoja hubaki bila kunywa kila usiku mnaolala nje ya kituo rasmi. Vijana wakigonga gari na kukimbia, usitoke nje kuwatafuta. Wakirudi mara ya pili, hamia sehemu yako ya pili kwenye ile orodha ya tatu.

9. Kuondoka

Maegesho mengi ya kulipia huanza tena kuhesabu kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Weka king'ora cha simu nusu saa kabla. Kunja mapazia, zima hita angalau dakika 5 kabla ya kuwasha injini ili feni yake iipoze, funga gesi, funga kifuniko cha paani. Hiki cha mwisho ndicho husahaulika kuliko vyote, na hung'oka kwa upepo ukishafika barabara kuu. Zunguka gari mara moja: chini kusiwe na tone wala taka, na nyuma yako pasiwe na gari dogo lililojipachika usiku.

Risiti za maegesho na zile picha za vibao zitunze kwa zaidi ya mwaka. Sheria ya Italia inaipa mamlaka siku 360 kumfikishia taarifa ya kosa mtu anayeishi nje ya nchi. Gari likiwa la kukodi, barua huanzia kwa mwenye gari kabla ya kukufikia wewe. Ikifika, nawe unakubali kosa, lipa ndani ya siku 5 tangu kuipokea ili upunguziwe asilimia 30. Kama hukubali, picha zako zenye tarehe na saa ndizo utakazohitaji.